Kitochi, king'amuzi na ada za watoto



Kila Januari wapo wazazi wanaokopa kwa riba ili walipe ada, ilhali mwaka mzima fedha zimetoka nyumbani kidogo kidogo bila kuulizwa. Tuchukue mfano. Baba akinunua kifurushi cha intaneti cha Sh 1,000 kila siku, kwa mwaka ni Sh 365,000. King'amuzi kikilipiwa Sh 20,000 kwa mwezi, ni Sh 240,000 nyingine. Jumla Sh 605,000, na hapo hatujagusa bei ya simu yenyewe wala kioo chake kinapovunjika.

Hatusemi kwamba televisheni ni haramu kwa dhati yake. Hilo tuwaachie wanazuoni. Tunazungumzia israfu. Surat Al-Furqan, aya ya 67, inawasifu waja wanaotumia kwa wastani, bila fujo wala ubakhili.

Kitochi hupiga, hupokea na hata hutuma fedha, kwani M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, haihitaji intaneti.

Ugumu upo kwa watoto, baada ya Magharibi. Haifai baba awazimie televisheni, kisha ajifungie chumbani na simu yake kubwa. Akae nao, wasome Qur'ani, bibi naye awasimulie. Na fedha iliyookolewa iwekwe kila mwezi katika akaunti isiyo na riba, kwa ajili ya ada tu. Tanzania, Amana Bank imekuwa ikitoa huduma hiyo tangu mwaka 2011.