KILOMITA 21 ZA WAUGUZI: MBIO NDEFU NA AFYA YAKO

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia jambo ambalo huenda wengine watalicheka: mbio ndefu za kilomita 21, ziitwazo nusu marathoni. Chekeni tu, kwa maana hata sisi wenyewe tulicheka njiani. Lakini ndani yake mna mambo ya moyo, presha, maji na joto ambayo kila mtu wa bonde hili la Kilombero yafaa ayajue, awe anakimbia au hakimbii.

NUSU MARATHONI NI NINI?

Marathoni kamili ni mbio za kilomita 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukafanywa kuwa kanuni ya dunia nzima. Nusu yake ni kilomita 21 na mita 97 na nusu. Kwa mtu wa Ifakara tueleze hivi: Daraja la Magufuli pale Kivukoni, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018, lina urefu wa mita 384. Anayekimbia nusu marathoni ni kama mtu anayelivuka daraja hilo mara 55 mfululizo.

Nchi yetu ina sifa katika mbio za namna hii. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alipata medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia huko Tokyo. Baada ya kilomita 42 zote alimtangulia Mjerumani kwa sehemu 3 tu za mia moja za sekunde. Tena yupo John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea akichechemea hadi mwisho, akaingia uwanjani wa mwisho wakati watazamaji wengi wamekwisha kuondoka. Sisi wakimbiaji wa mkiani tunamhesabu kuwa baba yetu. Hata hivyo yeye alikuwa anaitumikia nchi. Wewe msomaji, ukiumia, simama.

KWA NINI TULIKIMBIA

Kila juma tunawahudumia wagonjwa wa presha na kisukari, na kila mara tunawahimiza wafanye mazoezi. Siku moja mzee mmoja alituuliza kwa upole, "Sista, na ninyi wenzetu mazoezi yenu ni yapi?" Tukatazamana. Basi wauguzi wanne, wenye umri kati ya miaka 34 na 56, tukakubaliana kushiriki mbio za Kilimanjaro Marathon za Februari 2025. Mbio hizo hufanyika Moshi kila mwaka tangu 2003, na zina nafasi pia kwa watu wa kawaida.

Kabla ya kupiga hatua ya kwanza tulipimana presha, sukari na uzito. Mmoja wetu, ambaye tulimwona ana nguvu kuliko sote, alikutwa na presha ya 170 kwa 100. Kichwa hakikumuuma, kizunguzungu hakuwa nacho, usingizi aliupata vizuri. Tukarudia kupima siku nyingine mbili, majibu yakawa yale yale. Alimwona daktari, akaanza dawa, akaagizwa kutembea tu kwa miezi miwili. Presha yake ikashuka, na Moshi akashiriki mbio fupi za kilomita 5. Wapendwa, presha ndivyo ilivyo. Mara nyingi haina dalili yoyote, na wengi huijua siku ile inapowapooza upande mmoja wa mwili.

MAZOEZI YA MAJUMA 16

Tulianza mwanzoni mwa Novemba, siku tatu kwa juma, saa 11 alfajiri kabla jua halijawa kali. Juma la kwanza tulikimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, tukirudia hivyo kwa nusu saa. Kila juma tuliongeza kidogo tu, na kila juma la nne tulipunguza ili mwili upumzike. Kipimo chetu kilikuwa maongezi: mtu akishindwa kusema sentensi nzima, basi anakwenda mbio kupita kiasi.

Huku kwetu mtu mzima akikimbia barabarani watu hudhani kuna msiba. Njia ya Kivukoni mama mmoja alitoka na upawa mkononi akauliza, "Jamani, nani kafariki?" Watoto walitufuata wakiimba, "Bibi anakimbia! Bibi anakimbia!" Kijana mmoja mwenye baiskeli alitupita, akasimama, akasema kwa huruma, "Mama, panda nyuma nikufikishe hospitali." Tulimweleza kuwa hospitali ndiko tunakotoka. Hakuelewa kabisa.

MWILI UNAFANYA NINI?

Mtu anapokimbia, misuli hudai hewa safi na sukari. Moyo hupiga haraka zaidi ili kupeleka damu ya kutosha. Kwa mazoezi ya miezi kadhaa moyo huwa imara, nao husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Ndiyo maana mtu mwenye mazoezi mapigo yake huwa machache anapopumzika. Kadhalika misuli hujifunza kutumia sukari vizuri, jambo linalomfaa sana mgonjwa wa kisukari.

Lakini misuli hutoa joto pia. Mwili hulipunguza kwa kutoa jasho, hata lita moja au zaidi kwa saa. Yafaa kujua kwamba jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Katika bonde letu hewa huwa na unyevu mwingi, hasa wakati wa masika, na jasho hudondoka tu bila kukauka. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa mkimbiaji na kwa mkulima pia anayepalilia mpunga saa 7 mchana.

Dalili za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba, na hatimaye kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Mtu aliyechanganyikiwa kwa joto anaweza kufa. Mfanyie hivi:
a) Mpeleke kivulini mara moja, umvue nguo nzito.
b) Mmwagie maji ya baridi mwili mzima na kumpepea bila kuacha.
c) Usimnyweshe kitu kama hana fahamu kamili.
d) Mpeleke hospitali, huku mkiendelea kumpoza njiani.

SIKU YENYEWE

Njia ya nusu marathoni ya Moshi hupanda kuelekea Mweka, kati ya migomba na kahawa, kisha hugeuka na kuteremka mjini. Sisi watu wa tambarare, ambao milima ya Udzungwa tunaitazama kwa mbali tu, tulikiona kilima kile kama ukuta. Tulitembea sehemu nyingi, na hakuna aliyetukataza. Babu mmoja aliyevaa makobazi alitupita, akatupa pole, akapotea mbele. Wenyeji walisimama mbele ya nyumba zao wakipiga makofi. Bibi mmoja alituambia, "Jikazeni wanangu, mmebakiza kidogo," na zilikuwa zimebaki kilomita 13.

Kwenye vituo vya maji tuliwaona wengine wakinywa chupa baada ya chupa kwa hofu. Hilo nalo lina hatari. Maji mengi kupita kiasi huizimua chumvi iliyo katika damu, na mtu huweza kutapika, kuchanganyikiwa, hata kupata degedege. Kwa hiyo kunywa unaposikia kiu, kidogo kidogo. Usijilazimishe, wala usijinyime.

Kuteremka tulidhani ni starehe, kumbe ndiko kulikotuumiza. Katika mteremko misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki, ikivutwa huku inajikaza, nayo hupata michubuko midogo midogo ndani. Maumivu huzidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Tulimaliza kwa muda wa saa 3 na dakika 18, tukavishwa medali. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu, na tulipofika Ifakara tulishuka kwenye basi kinyumenyume kama watu wanaoshuka ngazi ya dari. Kondakta alitushika mikono mmoja mmoja, akidhani tunatoka kulazwa.

NANI ASIKIMBIE?

1. Mwenye homa. Pima malaria kwanza, maliza dawa, pumzika hadi nguvu zirudi.
2. Mwenye presha isiyotulizwa, au anayebanwa na kifua, kuzimia au kuishiwa pumzi anapotembea. Huyo amwone daktari kabla ya mazoezi mazito.
3. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge anaweza kushukiwa na sukari. Apate ushauri kwanza, abebe sukari au soda mfukoni, akague nyayo zake kila siku.
4. Mwenye selimundu. Joto, uchovu mkubwa na kupungukiwa maji huweza kumletea maumivu makali. Mazoezi yake yawe mepesi na kwa ushauri wa daktari.

Tena, msimeze diklofenaki au ibuprofeni ili kuzuia maumivu wakati wa mbio. Mwili ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo huweza kudhuru figo. Viatu vya mtumba vinafaa, mradi viwe vinakutosha na soli haijaisha. Kwa michubuko ya mapajani na vidoleni, mafuta ya mgando yanatosha.

JE, LAZIMA KILOMITA 21?

Hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Hiyo ni nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano. Jembe ni mazoezi, na baiskeli pia ni mazoezi. Lakini kilimo kina msimu, na baada ya mavuno wengi hukaa miezi kadhaa. Siku hizi hata safari ya kwenda sokoni hufanywa kwa bodaboda.

Tuliporudi kliniki, mama mmoja wa presha aliishika medali akauliza, "Mlikuwa wa ngapi?" Tukamwambia waliotutangulia hawahesabiki. Akacheka sana, akasema, "Kumbe hata mimi naweza." Sasa huja kliniki kwa miguu, na dawa zake hajaziacha.

Nawe msomaji, anza hivi: juma hili fika kituo cha afya kilicho karibu nawe upimwe presha, hata kama hujisikii vibaya. Kesho yake amka mapema, tembea dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Wakikuuliza nani kafariki, waambie hakuna, kisha uwaalike mtembee pamoja.