Wazee wa Vita Mbele ya Kamera

Yapata mwaka 1858, mjini Paris, wazee kumi na watano walipigwa picha mmoja mmoja wakiwa wamevaa sare za jeshi lililokwisha kuvunjwa zaidi ya miaka arobaini nyuma. Walikuwa askari wa Napoleon. Walipopigana mara ya mwisho, mwaka 1815, ufundi wa picha ulikuwa bado haujatangazwa duniani. Sasa, wakiwa wamefikia umri wa miaka sabini na themanini, walijipanga mbele ya kamera vifua mbele, wakatulia.

Picha hizo zimehifadhiwa nchini Marekani, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Brown. Tarehe yake haikuandikwa, lakini vifuani mwa wazee hao huonekana nishani ya Saint Helena, ambayo ilianzishwa Agosti 1857 kwa ajili ya wote waliotumikia jeshi la Ufaransa kati ya mwaka 1792 na 1815. Hivyo haiwezekani kuwa zilipigwa kabla ya hapo. Tena inajulikana kwamba tarehe 5 Mei kila mwaka, siku aliyofariki Napoleon, askari wake wa zamani walikuwa na desturi ya kukutana katika uwanja wa Vendôme wakiwa na sare zao na mashada ya maua. Hudhaniwa kuwa ilikuwa siku kama hiyo ndipo walipopelekwa studio.

Mtu atazamaye picha hizo huvutwa kwanza na mavazi. Sajini Taria, aliyekuwa mpiganaji wa Kikosi cha Ulinzi, amevaa kofia ndefu ya manyoya ya dubu ambayo karibu imzidi nguvu. Bwana Ducel amevaa kilemba na suruali pana za Kimamluki, kwa kuwa Napoleon aliporudi kutoka Misri aliunda kikosi cha wapanda farasi wa Mashariki, na baadaye nafasi za waliokufa zikajazwa na Wafaransa wenyewe waliovaa mavazi yale yale. Yaelekea baadhi ya sare hizo zilikuwa zimerekebishwa na mafundi cherehani, na si ajabu: mwili wa kijana wa miaka ishirini si mwili wa mzee wa miaka sabini na mitano, na nondo nao hawaheshimu ushujaa.

Kazi ya kupiga picha wakati huo haikuwa ya kubonyeza na kuondoka. Bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa katika kamera likiwa bado limelowa, likapigwa na kusafishwa kabla halijakauka. Aliyepigwa alipaswa kukaa bila kutikisika kwa sekunde kadhaa, na nyuma ya kisogo chake ilisimamishwa nguzo ya chuma yenye panda ya kushikilia kichwa. Kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka sekunde hizo ni ndefu. Ndiyo maana katika picha za zama hizo mkono hupewa mahali pa kupumzika: juu ya mpini wa upanga, juu ya meza, au juu ya goti. Isitoshe, dawa ile iliona rangi kwa namna yake. Buluu ilitoka hafifu, nyekundu ikatoka nyeusi. Kwa hiyo makoti ambayo vitani yaling'ara kwa rangi yamebaki kijivu tupu, na macho ya buluu ya wazee wengine yanaonekana kama yaliyofifia kuliko yalivyokuwa.

Lakini jambo lenye thamani kuliko mavazi ni maandishi. Jina na kikosi cha kila mzee kiliandikwa pamoja na picha yake. Jina la mpiga picha halikuandikwa, na mpaka leo hajulikani. Kwa bahati njema ni fundi aliyesahauliwa, si wale waliokaa mbele yake.

WAZEE SITA WA MAREKANI

Miaka michache baadaye jambo kama hilo lilifanyika Marekani, ila kwa namna nyingine. Mwaka 1864, wakati nchi hiyo ikiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, mchungaji Elias Hillard alitoa kitabu juu ya wazee sita waliobaki, kwa kadiri ilivyojulikana, kati ya waliopigania uhuru kutoka kwa Waingereza miaka themanini iliyopita. Ndugu wawili wapiga picha wa Hartford, N. A. na R. A. Moore, ndio waliokichapisha, na picha halisi zilibandikwa ndani yake.

Wazee hao hawakuvaa sare. Walivaa makoti yao ya kila siku, kama wakulima wa kawaida, baadhi wakiwa na mkongojo mkononi. Mmoja wao, Daniel Waldo, alikuwa mchungaji aliyewahi kuongoza sala katika Baraza la Wawakilishi akiwa na zaidi ya miaka tisini. Mwingine, Alexander Milliner, alikuwa ameingia jeshini akiwa kijana mpiga ngoma. Ukiziweka picha hizi kando ya zile za Paris, ni vigumu kusema zipi zina heshima zaidi. Sare humrudisha mzee kwenye ujana wake. Koti la nyumbani humwonyesha mtu aliyerudi vitani akalima, akaoa, akazika watoto. Kila mzee ana haki ya kuchagua lipi aonekane nalo.

Hillard alikwenda pia kuwahoji, na hapo kuna onyo. Watafiti wa baadaye walipolinganisha masimulizi hayo na karatasi za pensheni waliona kwamba umri wa Milliner, kwa mfano, ulikuwa umeongezwa kwa miaka kama kumi. Picha haisemi uongo juu ya makunyanzi, lakini kumbukumbu ya mtu wa miaka mia moja, ikichochewa na mgeni mwenye hamu ya kusikia makubwa, huweza kupanda mlima. Hata hivyo safari ile haikuwa ya bure. Waldo na Adam Link walifariki mwaka ule ule wa 1864, na kufikia mwaka 1867 wote sita walikuwa wamekwisha kuzikwa.

HUKU KWETU

Mjini Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, imesimama sanamu ya shaba ya askari mwenye bunduki. Ni kazi nzuri, na kila msafiri huijua. Ila askari yule hana jina. Wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita vya 1914 hadi 1918 nao hawana majina hapo, ila mtaa wa Kariakoo umebeba jina la kikosi chao. Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, nako, kuna picha ukutani ya babu aliyevaa kofia ya K.A.R., iliyopigwa studio kabla ya safari ya Burma, na wajukuu wakiulizwa alikuwa kikosi gani hutazamana.

Waliopigana Burma mwaka 1944 sasa wamebaki wachache sana, maana aliyekuwa na miaka kumi na minane wakati huo alizaliwa mwaka 1926. Walakini zamu ya wengine imefika. Vijana wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na wale waliopigania ukombozi wa Msumbiji tangu mwaka 1964, wamekuwa wazee wenye mvi. Familia yenye mzee wa namna hiyo isingoje siku ya msiba ndipo ianze kutafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, ikaishia kukuza ile ndogo ya kitambulisho.

Mzee apelekwe studio asubuhi, kabla ya uchovu na joto. Aulizwe kwanza kama anapenda kuvaa nishani zake. Wako ambao vita hawapendi kuvikumbuka, na hao wasilazimishwe. Akikubali, nishani huvaliwa kifuani upande wa kushoto. Kwa desturi ya Kiingereza, mjukuu avaaye nishani za marehemu babu yake huziweka kulia, ili watu wajue si zake. Zisisuguliwe kwa majivu wala mchanga, kwa maana maandishi yatafutika. Nishani nyingi za Vita vya Kwanza zina namba na jina la askari zimegongwa ukingoni, na familia kadhaa hazijapata kutazama hapo.

Kiti chenye mikono ndicho kifaacho, apate kujishikia akikaa na akiinuka. Mwanga utoke ubavuni, dirishani ikiwezekana, kwa sababu mwanga wa moja kwa moja usoni hufuta mikunjo, na mikunjo ndiyo uso wenyewe. Miwani ikiakisi, inyanyuliwe kidogo nyuma ya masikio badala ya kuvuliwa. Fundi aombwe asimlainishe mzee kwa kompyuta mpaka afanane na bwana harusi. Wala mzee asiamriwe kutabasamu, akae anavyokaa.

Kisha yaandikwe nyuma ya picha, kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino unaopenya: jina lake kamili na la baba yake, kikosi, namba kama anaikumbuka, mahali alipopigana, na tarehe ya picha. Mambo haya aulizwe yeye mwenyewe, taratibu, na mtu mmoja, si ukoo mzima ukimzunguka. Asilolikumbuka liachwe wazi, lisijazwe kwa kubahatisha. Jina la mpiga picha nalo liandikwe, maana yule wa Paris angalistahili. Zitolewe nakala mbili au zaidi kwenye karatasi, hata kama picha imo katika simu, na ya kwanza akabidhiwe mzee.