Saratani ya Matiti Inapochelewa Kugunduliwa: Haki za Mgonjwa na Hatua za Kufuata

Chukulia mfano wa mama mkazi wa Lyamkena anayegundua uvimbe mgumu, usiouma, katika titi lake. Anakwenda kituo cha kutolea huduma za afya, anaelezwa kuwa ni jipu, anapewa vidonge na kurejea shambani. Miezi minane baadaye uvimbe umekua, ngozi ya titi imebonyea, na hospitali ya rufaa inamweleza kuwa ni saratani iliyokwisha kufika kwapani. Swali linaloibuka katika familia ni moja: je, kuna aliyekosea, na kama yupo, mgonjwa afanye nini?

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini swali lake ni la kweli. Makala haya yanaeleza huduma ambayo mgonjwa anastahili, namna sheria inavyoutazama uzembe wa kitabibu, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua. Halmashauri inalieleza jambo hili kwa uwazi ikitambua kuwa vituo vyake yenyewe vinaweza kulalamikiwa.

Huduma anayostahili mgonjwa

Nchini Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na wagonjwa wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Sababu ni nyingi: hofu, gharama za safari, kuanzia kwa waganga wa jadi, na wakati mwingine kucheleweshwa ndani ya vituo vya huduma vyenyewe.

Ni kweli kwamba uvimbe mwingi wa titi si saratani. Hata hivyo, ukweli huo haumruhusu mtaalamu kukisia. Uvimbe usioisha unapaswa kuchunguzwa kwa mikono, kisha kwa ultrasaundi au mamografia, na unapotiliwa shaka kifanyike kipimo cha biopsi, yaani kuchukua kinyama kidogo na kukipima maabara. Kituo kisicho na vipimo hivyo hakilaumiwi kwa kutokuwa navyo. Wajibu wake ni kuandika rufaa mapema. Mpango wa Shirika la Afya Duniani kuhusu saratani ya matiti, ulioanzishwa mwaka 2021, unalenga uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni kwa mara ya kwanza.

Uzembe wa kitabibu ni nini?

Si kila kosa ni uzembe. Ili dai la fidia lifanikiwe, mdai anatakiwa kuthibitisha mambo matatu. Kwanza, mtaalamu alikuwa na wajibu wa kumhudumia. Pili, huduma aliyoitoa ilikuwa chini ya kiwango ambacho mtaalamu makini wa ngazi yake angekifikia. Tatu, upungufu huo ndio uliosababisha madhara.

Jambo la tatu ndilo gumu zaidi katika saratani, kwa kuwa ugonjwa ulikuwapo kabla ya mgonjwa kufika kituoni. Mdai anapaswa kuonyesha kwamba kuchelewa kwenyewe kulibadili matokeo: kwa mfano, titi ambalo lingeokolewa limeondolewa, au ugonjwa uliokuwa unatibika umesambaa. Shauri la Gregg dhidi ya Scott, lililoamuliwa nchini Uingereza mwaka 2005, linatoa funzo. Daktari aliuona uvimbe kwapani mwa mgonjwa akaudhania kuwa wa mafuta tu, kumbe ilikuwa saratani ya mfumo wa limfu. Kuchelewa kwa takribani miezi tisa kulipunguza nafasi ya mgonjwa kupona kutoka asilimia 42 hadi 25. Uzembe ulithibitika, lakini majaji watatu kati ya watano walilikataa dai, kwa kuwa hata bila kucheleweshwa nafasi hiyo haikufikia nusu. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaonyesha kwa nini ushahidi wa daktari bingwa ni wa lazima.

Hatua za kufuata

Kwanza, endelea na matibabu. Malalamiko yasikuzuie kwenda hospitali ya rufaa. Mgonjwa anayelalamika haki yake ya kutibiwa iko palepale.

Pili, tunza kumbukumbu: kadi, fomu za rufaa, majibu ya maabara, risiti, na tarehe za kila ulipohudhuria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako, hivyo omba kwa maandishi nakala ya kumbukumbu zako za matibabu.

Tatu, wasilisha malalamiko kwa mganga mfawidhi wa kituo, na usiporidhika, kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Andika barua, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Nne, iwapo lalamiko linahusu mwenendo wa kitaaluma, lipeleke kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017, au kwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania endapo anayelalamikiwa ni muuguzi. Mabaraza haya hushughulikia nidhamu na yanaweza kumfutia mtaalamu usajili. Fidia hutafutwa mahakamani au kwa makubaliano.

Tano, zingatia muda. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, dai la madhara ya aina hii linapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3. Anayekusudia kuishtaki Serikali, ikiwa ni pamoja na halmashauri, anatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Hospitali binafsi hushtakiwa bila utaratibu huo wa notisi. Usisubiri mwaka wa tatu uishe ndipo uandike notisi.

Sita, asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya Halmashauri itamwelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Kinga inaanza na swali

Fidia hairudishi miezi iliyopotea. Kwa hiyo, ndugu mwananchi, ukiona uvimbe katika titi au kwapani, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, au ngozi kuwa kama ganda la chungwa, nenda kituoni, uwe mwanamke au mwanaume. Kabla ya kuondoka, uliza: “Uvimbe huu usipoisha, nirudi lini?” Tarehe hiyo iandikwe kwenye kadi yako. Ikifika na uvimbe bado upo, rudi na uombe rufaa. Na iwapo kinyama kimechukuliwa, usichukulie kimya kuwa ni jibu jema. Fuatilia majibu hadi uyapate.

Kwa watumishi wetu wa afya, tarehe hiyo moja kwenye kadi inamlinda mgonjwa na inawalinda ninyi pia.