Sita Nukta Nne ya Baba

Majibu yangu ya damu yaliingia kwenye simu nikiwa ndani ya basi, Ridge Road, hapa Lackawanna. Kolesteroli jumla: 212. Pembeni wameandika kwamba inatakiwa iwe chini ya 200. Nilishtuka. Wiki hiyo hiyo Baba, aliyeko Tanga, alinitumia picha ya karatasi yake: 6.4.

"Shikamoo Baba, hongera! Mimi mtoto nina mia mbili na kumi na mbili, wewe una sita tu!"

Baba alicheka sana. Akasema basi dada zangu wamemnyima supu ya utumbo bure, na Jumapili akaagiza bakuli mbili.

Siku chache baadaye niliiangalia tena ile picha, safari hii mpaka kwenye maandishi madogo. Marekani hupima kwa miligramu katika desilita moja ya damu. Karatasi ya Baba ilipima kwa milimoli katika lita. Ili kulinganisha, unazidisha milimoli kwa 38.67. Sita nukta nne ya Baba ni kama 247. (Trigliseridi, yaani mafuta mengine ya damu, huzidishwa kwa 88.57. Msichanganye.)

Kamusi hutupa pia neno lehemu, lile lile la mafundi wanaounganisha mabati. Kwa mji uliojengwa na kiwanda cha chuma linafaa, ila mimi nabaki na kolesteroli.

Hata hivyo, jumla peke yake haisemi mengi. LDL ndiyo inayoacha kolesteroli kwenye kuta za mishipa. HDL huirudisha kwenye ini. Katika 212 yangu, HDL ni 68, na LDL ni 126. Daktari alisema nile vizuri, nitembee, nirudi baadaye. Baba ana HDL 0.9, yaani 35, wakati mwanamume hatakiwi kushuka chini ya 40. LDL yake ni 4.5, sawa na 174. Tena ana miaka 61 na presha. Daktari hupima yote hayo pamoja, na sukari, na sigara, kabla ya kuamua juu ya dawa. Na Baba haumwi popote, maana kolesteroli haina homa wala maumivu.

Ilibidi nimpigie kumwambia nilikosea. Ilikuwa simu ngumu.

"Mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama, na mioyo yao mizima?" akauliza.

Swali lake si la kijinga. Daktari Mmarekani George Mann aliwapima Wamasai wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta kweli kolesteroli yao iko chini. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za wanaume 50 wa Kimasai: mishipa ya moyo ilikuwa na utando wa mafuta, ila ilikuwa mipana, damu ikapita. Walidhani sababu ni kutembea kwingi.

"Baba, wewe unakwenda dukani kwa pikipiki."

Alinyamaza kidogo. "Haya mwanangu. Nitarudi kwa daktari."

Sasa anameza kidonge cha statini kila usiku. Juzi ametuma karatasi mpya: LDL 2.6. Nilizidisha kwanza, nikapata 100, ndipo nikapiga simu.