Unataka mwili wa chuma? Usijikaushe kama dagaa!

Wiki hii nawageukia vijana wenzangu wa vyuma, wale ambao wakivaa shati la mikono mirefu wanajiona wameonewa. Kina dada msifungue ukurasa mwingine, kaka zenu na wachumba zenu wamo humu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na kilo 58, mwembamba kama ufito. Nikaanza kupiga chuma uani kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu. Vifaa vyenyewe ni mabomba ya maji yaliyochomekwa kwenye makopo ya saruji, basi. Miaka mitatu baadaye nikagonga kilo 74. Kifua kipo, mikono ipo, lakini ukinibonyeza kidole kinazama. Washikaji wakanibatiza jina: Andazi. Liliniuma, sifichi.

Nilichokuwa nautafuta ni ule ugumu, mwili ambao kila msuli unaonekana kama umechongwa kwa patasi. Mwili wa namna hiyo alikuwa nao Mwingereza Dorian Yates, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara 6 mfululizo, kuanzia 1992 hadi 1997. Mimi nikautaka kwa siku mbili!

Ilikuwa inakaribia Idi, tumepanga kwenda Coco Beach, na binti mmoja (jina kapuni) angekuwepo. Mshikaji wangu akaninong'oneza: "Kaka, acha kunywa maji, halafu meza hivi vidonge. Vinakukamua maji yote, ngozi inagandia kwenye nyama." Nami bila kuuliza nikameza.

Jamani! Siku ya pili miguu ilinikaza, moyo ukawa unapiga kama ngoma ya mdundiko. Nikaanguka ndani ya daladala. Coco Beach sikufika, nilizindukia kitandani na dripu mkononi. Daktari akanitazama, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, karibu robo tatu ya msuli ni maji. Ukijikamua maji umeukamua msuli wenyewe. Na chumvi zikivurugika mwilini, moyo unaweza kusimama."

Hakuwa ananitisha. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria aliyekuwa akishindana kwa bendera ya Ufaransa, alifariki Oktoba 1992 huko Uholanzi, muda mfupi baada ya mashindano. Dawa za kukamua maji zilitajwa. Mwaustria Andreas Münzer, aliyesifika kwa mwili usio na mafuta hata kidogo, alifariki Machi 1996 akiwa na miaka 31, na madawa yakatajwa tena. Hao walikuwa mabingwa. Sembuse mimi Andazi?

Nilipopona nikarudi uani kichwa chini. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Umekoma?" "Nimekoma." Akacheka, kisha akanipa somo ambalo leo nakupa bure.

Kwanza, msuli haugeuki jiwe. Tunachokiita ugumu ni mambo mawili: nyuzi za msuli zilizonenepa kwa kubeba uzito, na mafuta kidogo kati ya msuli na ngozi. Mimi msuli nilikuwa nao, ila ulikuwa umejifunika blanketi.

Pili, beba kizito. Nilikuwa napiga kopo jepesi mara 30 nikitafuta jasho. Mzee akanipa uzito ninaouweza mara 5 au 6 tu, ya 7 inagoma. Seti 4, katikati unapumzika dakika 3, siku 3 kwa wiki. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kusukuma ukiwa umelala chali, kunyanyua kutoka chini, na kujivuta kwenye bomba. Mgongo usipinde, na asikosekane mtu wa kukudaka. Makopo tukayapima kwenye mizani ya muuza chuma chakavu, kila kilo nikaiandika daftarini. Hata Yates alikuwa mtu wa daftari.

Tatu, punguza mafuta polepole, nusu kilo kwa wiki inatosha. Nilipunguza chipsi, soda na mlima wa ugali, nikaongeza maharage, mayai na dagaa. Mtu wa kilo 70 anayebeba vyuma anahitaji kama gramu 110 za protini kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6. Dagaa wakavu ndio mkombozi wetu sisi tusio na mfuko. Wakaushe wao, wewe kunywa maji! Na ulale, maana msuli hujengeka ukiwa umepumzika.

Ilinichukua miezi 9. Kilo zikashuka kutoka 74 hadi 69, lakini chuma cha kuchuchumaa kikapanda kutoka kilo 60 hadi 95. Juzi mshikaji yule yule wa vidonge akaja kunibonyeza bega kama kawaida yake. Kidole kikagoma. "Kaka, unatumia dawa gani?"

Nikamwambia: "Dagaa."

Yule binti je? Alishaolewa zamani, tena na jamaa ana kitambi! Ndio dunia hiyo. Lakini mimi nipo hai, na moyo unapiga taratibu.

Tukutane wiki ijayo.