Bundi-dubu wa plastiki hakuua kuku zetu

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Naandika juu ya sanamu ndogo ya plastiki, kwa sababu ilibaki kidogo tu ifukuzishe mtoto kwetu.

Mama yangu anauzisha nguo za watoto za mitumba hapa Bukavu, kwenye soko ya Kadutu. Akifungua balo, mara nyingine anakuta vitu ndani ya mifuko ya nguo: kalamu, gari ndogo, doli isiyo na kichwa. Siku moja alikuta mnyama mdogo anayesimama juu ya kitako cha duara. Mwili wa dubu, kichwa cha bundi, mdomo wazi, makucha mbele. Akamupa mwana wa marehemu dada yangu, ambaye tunaishi naye. Mtoto ana miaka 8. Alifurahi sana, hata kulala analala nayo.

Juma iliyofuata, kuku zetu saba zikakufa. Mama mmoja jirani akaingia kwa lupango, akaona ile kitu mikononi mwa mtoto. Akasema: “Hii iko bundi. Mutoto analala na bundi, na kuku zinakufa. Munangoja nini? Mumupeleke kwa maombi mbele haijakuwa mutu.”

Nyote munajua hiyo maneno inaishiaka wapi. Inaanza na maombi, inaendelea na kufunga bila kula, na mwisho mtoto yatima analala inje.

Mimi nilisoma agronomia, niko na lisansi. Kwa kuku sikuwa na shida: kinyesi cha kijani, shingo kupinda, kufa moja moja ndani ya siku chache. Hizo ni dalili za ugonjwa wa Newcastle, na kuku zetu hazikuwa zimechanjwa. Nilieleza kwa dakika tano. Lakini mama jirani akaniuliza: “Sawa, na ile kitu, ni nini?” Hapo nikanyamaza, kwa sababu sikujua. Na pale msomi ananyamaza, mwenye kupaza sauti njo anashinda.

Usiku nikageuza ile sanamu. Chini ya kitako kuliandikwa jina, Owlbear, na nambari. Nikanunua mega, nikatafuta mpaka asubuhi. Haya njo niliyopata.

Kuna mchezo wa Marekani unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka mwaka 1974, na waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne ao watano wanakaa kwa meza. Mmoja anasimulia hadithi, kama vile wazee wetu walisimulia hadithi jioni kwa moto. Wengine kila mmoja ni mtu ndani ya ile hadithi: mpiganaji, mwizi, mganga. Msimuliaji anasema: “Munaingia pangoni, mnyama anatoka. Munafanya nini?” Kila mtu anajibu, halafu dadu yenye pande 20 inaamua kama amefaulu.

Sanamu zinaingia hapo. Wakati wa vita, ni vizuri watu waone nani yuko wapi. Wanatandika karatasi yenye miraba, kila mraba sentimita 2 na nusu, na unahesabiwa kama mita 1 na nusu ya kweli. Mtu wa kawaida anakaa ndani ya mraba mmoja. Bundi-dubu ni mkubwa, anachukua miraba minne, njo maana kitako chake kina upana wa sentimita 5. Dragoni mzee kabisa anachukua miraba 16. Kwa hiyo kile kitako cha duara si cha uchawi: ni kipimo. Na ile nambari ya chini ni ya kupanga tu, kama nambari ya kitabu ndani ya maktaba.

Sasa jambo lililonichekesha. Huyu bundi-dubu hakutoka kwa mizimu ya nchi yoyote. Miaka ya 1970, Gygax alinunua mfuko wa wanyama wa plastiki wa bei ya chini, uliotengenezwa Hong Kong, vitu vya watoto vya dukani. Wanyama walikuwa na maumbo ya ajabu, hayafanani na mnyama yeyote. Yeye na wenzake wakawaweka juu ya meza ya mchezo, wakawapa majina na nguvu. Mmoja akawa mnyama anayegeuza chuma kuwa kutu. Mwingine akawa bundi-dubu, na mwaka 1975 akaingia ndani ya kitabu cha mchezo. Kwa maneno mengine, alianza kama kitu cha kuchezea cha mtoto. Na sasa, kwa njia ya balo, amerudi kwa mtoto.

Kwa miaka mingi sanamu hizi zilikuwa za madini, mara nyingi zenye risasi ndani, na kila mchezaji alipaswa kupaka rangi mwenyewe kwa brashi ndogo sana. Ilikuwa kazi ya usiku mingi. Mwaka 2000 kampuni ya WizKids ikatoa mchezo wa Mage Knight, ambao sanamu zake za plastiki zilikuwa zimeshapakwa rangi. Watu wakazipenda. Mwaka 2003 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons, nao wakaanza kutoa wanyama wao tayari wenye rangi. Waliziuza sanamu 8 ndani ya boksi iliyofungwa: 4 za kawaida, 3 za kati na 1 adimu, na mnunuzi hajui zipi ziko ndani. Ni bahati nasibu, kwa kweli. Njo maana sanamu moja inaweza kuuzwa bei ndogo sana na jirani yake bei ya juu, hata kama plastiki ni ile ile.

Zinatengenezwa namna gani? Fundi anachonga mfano, halafu kunatengenezwa kalibu ya chuma. Fikiria kalibu ya matofali, lakini ya vipande viwili na yenye kila unyoya ndani. Plastiki iliyoyeyushwa inasukumwa ndani kwa nguvu, inapoa, inatolewa. Kalibu njo ghali. Plastiki yenyewe ni kidogo sana. Ndiyo sababu kiwanda kinatoa maelfu ya sanamu kutoka kalibu moja, na ndiyo sababu yetu iliweza kusahaulika ndani ya mfuko wa suruali. Halafu rangi: nyingine inapulizwa, nyingine inapigwa kama muhuri, hasa macho, nyingine wafanyakazi wanapaka kwa mkono. Kila rangi ni kazi moja zaidi na pesa zaidi, kwa hiyo sanamu za kawaida zinapata rangi chache. Yale macho ya njano yaliyomtisha mama jirani ni nukta mbili za rangi.

Halafu nikakuta jambo ambalo lilinikalisha. Huko Marekani kwenyewe walipita pale tunapita sisi. Miaka ya 1980 watu wengi walisema mchezo huu ni wa shetani na unaua vijana. Mama mmoja, Patricia Pulling, mtoto wake alijiua mwaka 1982. Mwaka uliofuata akaunda chama cha kupiga vita mchezo. Sicheki mama huyo. Mzazi mwenye uchungu anatafuta mkosaji, na sanamu yenye pembe iko karibu kuliko sababu za kweli. Kelele zilikuwa nyingi hadi mwaka 1989, toleo la pili la mchezo lilipotoka, ambamo waliondoa majina ya mashetani. Lakini mchezo uliendelea, na leo watu waliokua nao ni wazazi wenye kazi zao.

Asubuhi nikaita mama yangu na mama jirani. Sikuanza na Gygax. Nilileta maji ya moto ndani ya kikopo cha zamani. Kucha moja ya bundi-dubu ilikuwa imepinda tangu ndani ya balo. Nikaizamisha, ikalegea, nikainyoosha kwa vidole, nikaitia ndani ya maji baridi. Ikakaa imenyooka. Plastiki ya aina hii inafanya hivyo. Mama akatazama, akasema: “Shetani gani huyu, maji ya chai inamulegeza?” Mama jirani alicheka kidogo, hakusema kitu. Hapo njo nikaeleza mchezo, mraba, kiwanda, na mwisho nikarudi kwa kuku na chanjo.

Niliongeza pia sheria, maana kucheka hakutoshi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kushtaki mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inaadhibu jambo hilo. Mama jirani hakujua. Nami kusema kweli, nilikuwa nimesahau.

Sijui kama aliamini yote. Lakini hakurudilia tena neno la maombi, na juma jana alikuja kuuliza chanjo ya kuku inapatikana wapi. Mtoto naye nilimuchorea miraba nyuma ya kalenda ya zamani. Anamupiganisha bundi-dubu na vizibo vya chupa, na mimi njo msimuliaji.

Wasomi wenzangu, ndani ya lupango yenu kukiingia kitu ambacho hakuna anayekijua, musinyamaze kama mimi siku ya kwanza. Geuzeni kitako, musome chini. Mara nyingi kunaandikwa.