Kipanga wa Kata Akifika Chuo cha Uuguzi

Kila darasa la shule ya kata, iwe Itilima, Meatu au Maswa mkoani Simiyu, lina kipanga wake. Hata wapishi wanamjua. Ndiye anayeitwa ubaoni mwalimu akichelewa, ndiye mwenye daftari linaloazimwa na kila mtu, na ripoti yake haijawahi kutoka nje ya tatu bora. Anafaulu, anachaguliwa kusomea uuguzi, pengine Kolandoto pale Shinyanga, pengine Bugando jijini Mwanza, na anapofika anakuta darasa zima ni vipanga watupu. Jaribio la kwanza la anatomia linarudishwa, na alama iliyoandikwa juu yake hajawahi kuiona kwenye karatasi yake. Jirani yake, binti wa mjini anayekimwaga Kiingereza bila kusita, amemwacha mbali. Kuanzia hapo neno “sapu”, yaani mtihani wa marudio, linamnyima usingizi, na nyuma ya sapu linamngoja lile zito zaidi, “kudisko”, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Herbert Marsh, mtafiti wa Australia, alilieleza tangu miaka ya 1980 kwa mfano wa samaki mkubwa katika dimbwi dogo. Mwanafunzi mwenye uwezo uleule hujiona mwerevu akisoma na wenzake wa kawaida, na hujiona mzito akiwekwa katikati ya wenye uwezo mkubwa. Mwaka 2003 Marsh na Kit-Tai Hau walichapisha takwimu za vijana wa miaka 15 kutoka nchi 26, na mwelekeo ulikuwa huohuo karibu kote. Kwa hiyo yule kipanga wetu wa kata hajapungukiwa akili njiani kati ya nyumbani na chuoni. Waliomzunguka ndio waliobadilika.

Na sisi wenyewe tumemlea hivyo. Kwa miaka mingi mtoto wetu amepewa namba ya nafasi kabla ya kuambiwa anajua nini. Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa mpaka Januari 2023, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotolewa bila orodha hiyo. Simiyu ndiko mbio hizo zilikoshika moto hasa: enzi za Mkuu wa Mkoa Anthony Mtaka, watahiniwa walikusanywa kwenye makambi ya kitaaluma, na nafasi ya mkoa kitaifa ikawa jambo la kila mtu. Sina ugomvi na makambi. Mtoto wa mkulima wa pamba alipata mwalimu na muda wa kusoma. Lakini chuoni hesabu ni nyingine. Alama hupimwa kwa viwango vilivyowekwa, na atakayekifikia kiwango anapita, hata kama wamekifikia wote. A ya jirani haimpunguzii mtu hata nusu alama.

Tatizo la pili ni kwamba hisia ya “najua” au “sijui” ni kipimo kibovu. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba walioshika mkia kwenye majaribio yao walijikweza mno. Hilo ndilo linalonukuliwa kila mahali. Linalosahaulika ni upande wa pili: waliofanya vizuri kuliko wote walijishusha, kwa kudhani kwamba kilichokuwa chepesi kwao kilikuwa chepesi kwa kila mtu.

Basi kama hisia haiaminiki, mtu ajipime kwa nini? Kwa maswali. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja lilivirudia kwa kuvisoma tena. Jingine lilifunga karatasi na kuandika lilichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja meza ilipinduka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Katika jaribio la pili, waliosoma mara nyingi ndio pia waliotarajia kukumbuka zaidi. Hiyo ndiyo hatari ya kukesha na desa lililopigwa mistari ya rangi: kurasa zinazoeleka machoni, na mazoea yanajifanya maarifa.

Chukua swali ambalo hakuna mwanafunzi wa uuguzi asiyekutana nalo. Mgonjwa apewe lita moja ya dripu kwa saa 8, na seti inatoa matone 20 kwa kila mililita. Matone mangapi kwa dakika? Mililita 1,000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata takriban 42. Ukilisoma likiwa limeshakokotolewa, unaitikia kwa kichwa na kufungua ukurasa unaofuata. Sasa funika karatasi, fanya mililita 500 kwa saa 6, seti ileile. Anayepata 28 anajua. Anayesita amegundua penye tundu wiki tatu kabla ya mtihani, tena bila mgonjwa yeyote kuumia.

Kuhusu wasiwasi wa dakika za mwisho, dawa moja imetangazwa sana: andika hofu zako kwenye karatasi kwa dakika 10 kabla ya mtihani. Gerardo Ramirez na Sian Beilock waliichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2011, kwa hoja kwamba wasiwasi hukalia nafasi ile ndogo ya akili tunayoshikia hesabu na maelekezo. Hoja ina mantiki, na kuandika hakugharimu kitu. Ila mwaka 2018 watafiti waliporudia majaribio 21 ya sayansi ya jamii, 13 tu yalisimama, na hili la kuandika hofu halikuwa miongoni mwa hayo 13. Jaribio la Karpicke la kujipima, la mwaka huohuo wa 2011, lilisimama. Mwenye saa moja tu ya kutumia nisingemshauri aitumie kwenye hofu.

Kujipima kunahitaji muulizaji, na muulizaji bora ni yuleyule anayekutisha. Usukumani ushindani si jambo geni. Makundi ya Bagika na Bagalu yamekuwa yakishindana kwa ngoma tangu karne ya 19, kila upande ukivuta umati uje kwake. Lakini ndani ya kundi moja wachezaji hufundishana mpaka hatua zikae sawa. Binti wa mjini ana Kiingereza cha mtihani. Kipanga wa kata anaweza kumsalimia bibi wodini kwa Kisukuma, “mwangaluka”, na kupata historia ya ugonjwa ambayo mwenzake hataipata. Waulizane, kwanza kwa Kiswahili ili ijulikane nani ameelewa, kisha waandike kwa Kiingereza, maana sehemu ya kinachoitwa ujinga ni lugha tu.

Upo wasiwasi usiotibika kwa maswali: usingizi uliokatika kwa wiki kadhaa, chakula kisichopita, mawazo ya kujidhuru. Huo ni wa mshauri wa wanafunzi au kliniki, siku hiyohiyo. Mara nyingi anayeuona mapema ni mwenzake wa chumba, na huyo asingoje aombwe ndipo aende kwa matroni.